Nuru Kitakoni mwa Sufuria

Jumapili moja asubuhi nilikuwa naanika vyombo kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Nikainua sufuria ya marehemu bibi, mzaa mama, niikung'ute maji, na jua likapita ndani yake. Halikupita mdomoni, ambako ndiko njia ya jua na ya mwiko. Lilipita kitakoni, kwenye tundu ambalo hata ncha ya sindano isingeingia. Nukta ya mwanga ilitua mkononi mwangu. Nikauhamisha mkono, nayo ikahama. Sufuria hii imepika wali wa maulidi na uji wa wagonjwa. Imechemsha maji ya kumwogesha mtoto mchanga, na maji ya kumwosha maiti. Imekaa juu ya mafiga, juu ya jiko la mkaa, juu ya jiko la mafuta ya taa, mpaka juu ya gesi, na moto wote huo haukuitoboa. Nilipopitisha kidole ndani, kitakoni, nikakuta pamekuwa pembamba, panabonyea kama kifuniko cha kopo. Nikajua walioitoboa ni sisi. Ni mimi, na mama kabla yangu, na bibi kabla ya mama, kila mmoja na cha kusugulia chake mkononi, kila mmoja akiipenda sufuria hii kwa namna aliyofundishwa kupenda chombo.

Nisiisingizie dhambi yote stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia. Chumvi nayo ni mlaji wa alumini: mchuzi ukilala ndani ya sufuria huchimba vishimo vidogo visivyoonekana, na kishimo kikishaanza hakina haraka, kinangoja. Lakini chumvi huchimba mahali pamoja pamoja. Kilichopunguza kitako chote kwa usawa, mpaka kishimo kikawa tundu, ni mkono. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tukaishika sana methali hiyo kwa kuwa inafariji. Ile nyingine tuliiacha kwa watoto: chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila asubuhi maji ya kuoshea yalipokuwa yakigeuka rangi ya kijivu chini ya kiganja changu, nilifurahi, nikiamini kuwa ule ni uchafu unaotoka. Kumbe kijivu kile kilikuwa sufuria yenyewe. Nilikuwa naimwaga mferejini, kidogo kidogo, kwa miaka.

Nimekulia Tanga, na kwetu kichanja kilikuwa barua ya wazi. Mgeni aliyepita uani hakuuliza habari za binti wa nyumba ile. Alitupa jicho kwenye masufuria yaliyopinduliwa juani, akayasoma, akaondoka na jibu. Sufuria yenye masizi nje ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo tulisugua. Tulisugua kwa mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi, kwa majivu na majani makavu ya mgomba, na stilwaya ilipofika dukani tuliipokea kama ukombozi wa vidole. Bibi alikuwa akiinua kitako cha sufuria usawa wa uso wangu na kuniuliza, "Unajiona?" Nikiona kivuli tu cha kichwa, nilirudi kwenye mchanga. Nikiona macho yangu, nilisifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilisugua hata palipokuwa pameshang'aa. Leo nafahamu jambo ambalo bibi hakuwa na sababu ya kulifikiria: mchanga ni mgumu kuliko chuma, na chuma ni kigumu kuliko alumini. Katika mpangilio huo sufuria ndiyo mnyonge wa wote, na ndiyo iliyotakiwa ing'ae.

Hata hivyo bibi huyo huyo alikuwa na ujuzi mwingine, wa kimya zaidi, ambao hakuna mgeni aliyeusoma kichanjani. Kabla ya kuteleka juu ya kuni, alipaka nje ya sufuria tope jepesi, au alipitisha kipande cha sabuni ya mche kilicholoweshwa, kuanzia kitakoni mpaka karibu na masikio. Masizi yakakaa juu ya sabuni, si juu ya sufuria. Baada ya kupakua, maji kidogo tu, na weusi wote ukateremka kama mtu anayevua kanzu. Nimewaza sana juu ya ujuzi huo. Kazi iliyofanyika kabla ya moto haikuonekana na haikusifiwa na yeyote, ila iliokoa nusu saa ya kusugua na, sasa najua, miaka kadhaa ya uhai wa sufuria. Na wakati mwingine aliyaacha masizi ya kitakoni yakae, hasa msimu wa mvua, kuni zikiwa mbichi. Alisema sufuria nyeusi huchemka upesi. Mwalimu wa fizikia atamuunga mkono: kitu cheusi hupokea mnururisho wa moto kuliko king'aacho.

Stilwaya yenyewe inastahili kutazamwa. Dukani kwa Mangi huning'inia juu ya kaunta, pembeni ya vipakti vya sabuni ya unga na mishumaa, na mnunuzi huichukua bila kuuliza neno. Kwa Kiingereza huitwa sufu ya chuma, kana kwamba kuna kondoo wa chuma aliyekatwa manyoya, na jina hilo halikukosea sana, maana huzaliwa kwa kunyolewa. Waya wa chuma hupitishwa mbele ya visu vyenye meno madogo, visu vikauparua, na kile kinachoparuliwa ndicho sufu. Kila uzi una kingo, nao ni kisu kidogo kilichopinda. Kwa hiyo tunachoshika mkononi ni chuma kilichoparuliwa mpaka kikajifunza kuparua, na sijui kama kuna kitu kingine jikoni kinachofanana na binadamu kiasi hicho. Mafundi wa mbao huijua kwa namba, kuanzia sufuri nne, laini kiasi cha kung'arisha vanishi bila kuacha alama, mpaka namba 4, inayokwangua rangi ya zamani kwenye geti. Ile ya kwa Mangi haina namba. Tunaitumia moja kwa kila kitu, sufuria na kikombe, kioo na kuta za bafu, kama mtu mwenye neno moja la ukali kwa watoto wote wa nyumba, mkubwa na mchanga, mkaidi na mnyonge.

Na ile ya jikoni ilizaliwa kwa ajili ya sufuria hasa. Mwaka 1917, huko San Francisco, mchuuzi aliyeitwa Ed Cox alikuwa akiuza masufuria ya alumini nyumba kwa nyumba. Akatengeneza vifungu vya sufu ya chuma vilivyokaushwa na sabuni, awape akina mama kama zawadi ya kufunguliwa mlango. Haukupita muda mrefu, watu wakaitaka zawadi kuliko bidhaa. Sufuria na kikwaruzo chake walikuja duniani karibu pamoja, kama pacha, mmoja akimla mwenziwe.

Alumini ina ngozi. Hili nililijifunza ukubwani, nami hulikumbuka kila ninapokunja mikono ya gauni kuosha vyombo. Alumini ikigusana na hewa hujifunika utando wa oksidi, unene wake nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Utando huo ndio unaoizuia isiliwe na maji. Ukiukwaruza, hurudi papo hapo, kwa kuifanya alumini iliyo chini yake kuwa ngozi mpya. Hivyo sufuria haituwekei kinyongo. Tukiichuna, inajivika tena kwa mali yake yenyewe, na kila ikijivika inapungua. Huo mng'ao tunaoujivunia ni uchi wa kufumba na kufumbua. Zamani, kabla ya alumini kuenea pwani yetu, sufuria ilikuwa ya shaba, na jina lenyewe lilitoka kwenye neno la Kiarabu la shaba. Ndani ilipakwa bati ili ukali wa ndimu na ukwaju usikutane na shaba ukageuka sumu. Aliyeisugua ile mpaka ndani akaona rangi ya dhahabu inajitokeza hakuwa ameisafisha. Alikuwa amekifikia kile ambacho bati liliwekwa likifiche.

Hapa ndipo nukta ile ya mwanga iliponifikisha, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Tumefundishwa kuona weusi na kuuita uchafu kabla ya kuuliza jina lake. Ule weusi ndani ya sufuria uliyochemshia maharage kwa magadi si uchafu. Ni alumini iliyojibu magadi, nawe ukipika kitu chenye nyanya nyingi au ukichemsha maganda ya limau, weusi huo utaondoka bila kuguswa. Chuma cha chapati cha mama mkubwa kilikuwa cheusi tii, laini kama jiwe la mtoni, na chapati iliteleza juu yake kama samaki. Weusi ule ulikuwa mafuta ya miaka yaliyoungua yakashikana na chuma, safu juu ya safu, mpaka yakawa ngao. Siku alipoletewa msichana mpya wa kazi, mwenye bidii na mwenye kutaka kupendwa, msichana alikaa nacho uani mchana kutwa na stilwaya mbili na mchanga. Jioni kilikuwa cheupe kama kichwa kilichonyolewa. Mama mkubwa alikishika kwa mikono miwili, hakusema neno, akakirudisha mahali pake. Kesho yake chapati ziligandia, na kesho kutwa chuma kilikuwa na kutu. Yule msichana alilia. Mpaka leo namwonea huruma, kwa sababu alifanya hasa kile ambacho sote tulimfundisha kuwa ndiyo usafi.

Wala si jikoni tu. Katika British Museum, London, kuna marumaru zilizochukuliwa kutoka Parthenon ya Athens. Mwaka 1937 na 1938, zikiandaliwa kwa ukumbi mpya, wafanyakazi walizikwangua kwa vyombo vya shaba na vitu vya kusugulia, kwa kuwa mfadhili wa ukumbi alizitaka ziwe nyeupe. Ile rangi ya asali waliyoiondoa ilikuwa ngozi ya mawe yale, iliyofanyika kwa karne nyingi. Na weupe waliokuwa wakiutafuta haukuwahi kuwa wa Wagiriki, maana sanamu zao zilipokuwa mpya zilipakwa rangi. Walisugua ili kufikia kumbukumbu ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Nikisoma habari hiyo huwa nawakumbuka dada zetu wa Kariakoo na wa Gikomba wanaonunua mkorogo kwenye vikopo visivyo na jina, wakijipaka usiku wakiwa wamejifungia chumbani, wakisugua rangi waliyozaliwa nayo kana kwamba ni masizi ya jiko la mtu mwingine. Serikali zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na zimefanya vyema. Lakini marufuku haifiki kwenye lile jicho linalotazama kiwiko cheusi na kukiita kichafu. Jicho hilo lilifundishwa na mtu, nalo laweza kufundishwa upya na mtu.

Kuna dhuluma nyingine ya stilwaya, ndogo, ambayo hunisumbua kwa namna yake. Chombo cha stenlesi hakishiki kutu kwa sababu ndani yake mna kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayokivika utando wake. Ukikisugua kwa stilwaya ya kawaida, vipande vidogo vya chuma hukatika na kubaki vimejichomeka kwenye mikwaruzo. Usiku huota kutu. Asubuhi unaona madoadoa mekundu, unakasirika, unasema umeuziwa feki. Chombo kinabeba kutu ya aliyekisugua. Ni mara ngapi tumewasugua watu kwa maneno yetu, yakakatika ndani yao, kisha yalipoanza kuota kutu tukasema tabia yao ilikuwa mbovu tangu mwanzo? Bakuli la bati lenye maua mekundu, lile la harusi, lina utando wa kioo juu ya chuma. Stilwaya hufifisha maua kwanza, kisha hufungua njia ya kutu. Kikaango cha nonstiki kikishapata michirizi, hakuna dua ya kukirudisha.

Siichukii stilwaya. Ninayo, imetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha ili ikauke, maana ikilala kwenye maji ya sabuni itakuwa vumbi jekundu kabla ya alfajiri. Panga lenye kutu linaihitaji. Wavu wa kuchomea samaki unaihitaji, na jembe, na bawaba za geti zinazongoja rangi mpya. Tone la rangi lililokauka kwenye kioo cha kawaida cha dirisha litatoka kwa ile laini kabisa, kioo kikiwa kimelowa sabuni tele na mkono ukiwa mwepesi, baada ya kujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Kwenye chuma chenye mistari, mkono ufuate mistari yake, usizunguke. Kinachonitia shaka ni mkono unaoifikia stilwaya kabla ya kufikia maji. Dodoki lililokaushwa juani, lile linaloota lenyewe kwenye uzio, linatosha kwa kazi nyingi za siku.

Neno sufu, lile la sufu ya chuma, halikuniacha hivi hivi. Wengi husema Masufi waliitwa hivyo kwa mavazi yao ya sufu ya kukwaruza, nao walipenda kusema kuwa moyo ni kioo kinachoshika kutu na kwamba kumtaja Mungu ndiko kuusugua. Vioo vya zamani vilikuwa vya madini, hivyo haikuwa sitiari ya mbali. Kila aliyejitazama alijua kusugua. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kisa cha wachoraji wa Rumi na wa Uchina walioshindanishwa mbele ya mfalme, kila kundi upande wake, pazia katikati. Warumi walichora kwa rangi za ajabu. Wachina hawakuchora kitu. Walisugua ukuta wao tu. Pazia lilipoinuliwa, michoro yote ya upande wa pili ilionekana ndani ya ukuta uliosuguliwa, ikiwa na mng'ao zaidi. Nilipokuwa mdogo, kisa hiki kilinithibitishia ya bibi na swali lake, "Unajiona?" Sasa nakisikia kwa sikio jingine. Ukuta ule haukung'arishwa ili wasuguaji wajione wao. Uling'arishwa uweze kupokea kitu cha wengine. Na nina hakika walijua ni wapi pa kukomea, kwa sababu ukuta uliosuguliwa bila kikomo hatimaye ni dirisha, na mchoro hauonekani kwenye dirisha.

Jungu kuu halikosi ukoko. Tunaisema methali hii kuwasifu wazee, kwamba kwao hapakosi hekima, lakini nyumbani kwetu ilikuwa pia habari ya kweli ya chakula. Watoto tuligombea ukoko. Bibi aliukwangua kwa ukingo wa upawa wa kifuu, akatugawia vipande vilivyokuwa na harufu ya moshi na tui, na kilichobaki kimeng'ang'ania alikimwagia maji, akafunika, akaenda kuswali. Hakukisugua akiwa na hasira. Aliporudi, ukoko ulikuwa umejiachia, unaelea. Maji hayakuushinda ukoko kwa nguvu. Yaliingia taratibu mpaka chini yake, pale ulipokuwa umeshikana na sufuria, yakakaa hapo. Nilimwona akifanya hivyo maelfu ya jioni, na bado nilipokuwa na nyumba yangu nilichokumbuka ni mchanga na mng'ao. Kwa nini tunarithi upesi zaidi kile kilichosifiwa na wageni kuliko kile kilichofanyika kimya jioni, sufuria ikiwa imefunikwa? Nimeona ndoa zikisuguliwa hivyo, kila kosa likikwanguliwa likiwa bado la moto, mpaka pakaonekana jua upande wa pili. Nimeona na zile zilizolowekwa.

Sufuria ya bibi fundi ameitazama, akaigonga kwa ukucha, akasema anaweza kuliziba tundu lakini pembeni yake pataachia kabla ya mwezi kwisha, alumini imekwisha. Nimeirudisha nyumbani. Ukutani imetundikwa kitako nje, na kila asubuhi, karibu saa mbili, nukta ya mwanga hupita hapo.

Leo usiku wali umeungua kidogo kwenye sufuria mpya. Binti yangu ana miaka tisa. Alikuwa ameshaishika stilwaya. Nimemwambia, "Mwanangu, itundike kwanza." Tumetia maji ya moto na maganda ya limau, tumefunika, tumezima taa ya jikoni.